Mario wa DS na dunia mbili zinazowapita wengi

Muulize mtu aliyemaliza New Super Mario Bros. gemu hilo lina dunia ngapi. Atakujibu nane bila kusita. Sasa mwambie azitaje moja moja: ya majani, ya jangwa, ya visiwa, halafu hapo anaruka moja kwa moja kwenye barafu. Ya nne haijui. Ya saba nayo vilevile. Hajasahau kitu, hakufika tu. Kamwokoa binti mfalme Peach, katazama majina ya watengenezaji yakipita, kafunga mashine, na robo nzima ya gemu imebaki ndani ya kaseti.

Hapa tunaeleza namna ya kuzifikia hizo mbili. Njia yake inapitia vidole, inapitia kusevu, na mwisho inapitia mashine yenyewe, maana DS nyingi zinazozunguka Mwanza ni za mkono wa pili na kila moja ina ugonjwa wake.

Kwanza gemu lenyewe. Nintendo walilitoa Mei 2006 kwa ajili ya Nintendo DS, ile mashine ya vioo viwili inayojikunja kama daftari. Super Mario Bros. ya 1985 ndiyo iliyozoesha watu kukimbia kwenda kulia, kuruka mashimo na kukanyaga vichwa. Waliokulia kwenye zile mashine za kuchomeka kwenye TV, zenye kaseti ya njano iliyoandikwa michezo maelfu huku Mario mmoja amerudiwa humo mara chungu nzima, wanamjua vizuri. Mwaka 1996 Super Mario 64 ilimpeleka kwenye uwanja wa pande tatu, na kwa miaka kumi hivi macho ya kampuni yalikuwa huko. DS ikamrudisha kwenye mstari wake wa zamani akiwa na mwili mpya: Mario na maadui wamechongwa kwa 3D, ila mwendo ni ule ule wa pembeni. Nakala zaidi ya milioni 30 ziliuzwa. Hakuna gemu la DS lililouza kuliko hilo.

Kwa mtu wa kanda ya ziwa lina faida moja ya ziada. Halitaki bando, halitaki kupakua kitu, halitaki mtandao. Meli ya Bukoba inakesha majini usiku kucha na mnara wa simu unapotea mapema. Hapo ndipo gemu la kaseti linapoonyesha thamani yake. Zamani hata foleni ya kivuko cha Kigongo ilitosha kumaliza mnara mmoja au miwili ya ndani ya gemu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, muda huo wa bure umekwisha.

Tuanze na kidole gumba cha kulia, kwa sababu wengi wanakosea hapo na kuilaumu mashine. A na B ni kuruka, X na Y ni kukimbia. Mtu mgeni anatumia ncha ya kidole kwa kila kitufe: anabonyeza Y, anaachia, anahamia B. Akiachia Y tu, Mario anapunguza mwendo, na ile ruka ndefu aliyoitaka inageuka ya kwenda kuangukia shimoni. Laza kidole. Ncha ikae juu ya Y na isitoke hapo, kisha ule mwili wa kidole, chini ya kiungo, uinamie B unapotaka kuruka. Mkao huo unachosha dakika kumi za kwanza, baada ya hapo hutaukumbuka tena. Kadiri unavyoshikilia B ndivyo anavyopanda juu. Ukigusa na kuachia, anaruka kidogo.

Mario wa 1985 hakuwa na mbinu tatu ambazo huyu anazo. Ya kwanza ni kuruka mara tatu mfululizo: anakimbia, anaruka, anatua, unabonyeza papo hapo miguu inapogusa chini, tena, na mara ya tatu anapinduka hewani na kwenda juu kuliko kawaida. Inataka sehemu ya kutosha kukimbia na mdundo uliotulia. Ukibonyeza kabla hajatua haihesabiki. Ya pili ni kudondokea makalio: ukiwa hewani bonyeza chini, anajikunja, anashuka kama jiwe. Hiyo ishike vizuri, tutairudia. Ya tatu ni kuruka kwa ukuta.

Ya ukuta inahitaji maelezo kidogo. Mario akigusa ukuta angali hewani na wewe ukaendelea kubonyeza upande wa ukuta huo, anaanza kuteleza taratibu. Hapo unabonyeza B, naye anajisukuma kwenda upande wa pili. Kosa linalowaua watu ni hili: wanataka kwenda kushoto, kwa hiyo wanabonyeza kushoto kwanza, halafu B. Ile kushoto ya mapema inambandua ukutani na B inakuta yuko hewani, basi anadondoka. Mpangilio sahihi ni kubaki unabonyeza upande wa ukuta, kupiga B, kisha ndipo kidole cha kushoto kihame. Katika korido nyembamba ya kupanda, gumba la kushoto linatembea kulia, kushoto, kulia, nusu pumzi nyuma ya gumba la kulia. Ukiweza kupanda korido hiyo mara tatu bila kuanguka, tayari unatosha kwa dunia zote nane.

Sasa kusevu. Hapa gemu lina sheria ya kizamani ambayo haikuelezi vizuri. Kabla hujamshinda Bowser, adui mkuu wa gemu, mara ya mwisho, huwezi kusevu unapotaka. Linakuuliza tu ukishamaliza hatua chache maalumu, kama mnara au ngome, au ukitumia sarafu kubwa za nyota kufungua njia kwenye ramani. Kila hatua ina sarafu hizo tatu, na kila kibao kinachoziba njia ya pembeni kinadai tano. Watu hucheza hatua nne, wanazima mashine wakidhani mambo yamehifadhiwa, kesho yake wanajikuta nyuma.

Kwa hiyo usifungue vibao vyote kwa pupa. Acha kimoja kikiwa kimefungwa na sarafu tano mkononi. Ukiona betri inaingia nyekundu au gari limefika stendi ya Nyegezi na unatakiwa kushuka, lipia kibao, gemu litakuuliza kusevu, umekwisha salimika. Kama ni dakika chache tu, usizime: funga mfuniko. DS inalala, inakula chaji kidogo sana, na ukifungua unamkuta Mario pale pale ulipomwacha, hata kama alikuwa katikati ya kuruka. Ukishamaliza gemu zima, sheria hii inaondoka na unasevu wakati wowote.

Kumbukumbu iko ndani ya kaseti, haiko kwenye mashine. Kaseti ina nafasi tatu za kuhifadhi na haina betri ndani yake kama zile za Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo ya zamani, kwa hiyo hailali ikasahau. Ukihamisha kaseti kwenye DS nyingine, safari yako inahama nayo. Ndiyo maana kaseti ya mkono wa pili mara nyingi inakuja na maendeleo ya mtu wa Osaka au Manchester. Usiyafute kwanza. Yaangalie: nyota zilizo pembeni ya faili zinaonyesha alifika wapi, na kama kaseti imeweza kutunza kazi ya mtu mwingine miaka yote hiyo, ni dalili njema kwamba chipu yake ni nzima.

Basi turudi kwenye dunia ya nne na ya saba.

Mlango wa dunia ya nne ni bosi wa dunia ya pili, yule Mummipokey anayeibuka kwenye mchanga wa jangwa. Mlango wa dunia ya saba ni bosi wa dunia ya tano, Petey Piranha, ua lenye meno linaloruka kwa majani yake. Ukiwashinda ukiwa Mario wa kawaida, mkubwa, au wa moto (yule anayerusha mipira ya moto), gemu linakupeleka ya tatu, au ya sita, na halikwambii kwamba kuna kitu umekosa. Ukiwashinda ukiwa Mario mdogo kabisa, yule wa uyoga wa bluu, njia nyingine inafunguka kwenye ramani. Hakuna mhusika anayekudokeza. Ni moja ya siri zilizofichwa mahali pa wazi kupita kiasi, na kwa maoni yetu ni ubunifu mzuri na uonevu kwa wakati mmoja.

Uyoga wa bluu unapunguza Mario mpaka anakuwa kimo cha mdudu. Anaruka juu na kushuka polepole kama unyoya, anapita kwenye mabomba madogo, na akikimbia bila kusimama anaweza kupita juu ya maji. Upande wa pili, anakufa kwa mguso mmoja, havunji matofali, na akimkanyaga adui anadunda tu kama mpira bila adui kuumia. Silaha yake ni moja: kudondokea makalio. Kukanyaga bosi kwa kuruka kawaida ukiwa mdogo ni kupoteza muda, na hapo ndipo watu husema "bosi hafi". Anakufa. Bonyeza chini.

Uyoga wenyewe unaupata wapi? Baadhi ya hatua zinautoa, hasa zile zenye bomba dogo ambalo Mario wa kawaida hapiti. Mtengenezaji akiweka bomba dogo, kwa kawaida ameweka na uyoga karibu. Njia nyingine ni nyumba za Toad, yule mtu mdogo mwenye kichwa cha uyoga, kwenye ramani. Nyumba nyekundu inatoa kitu cha nguvu, na uyoga wa bluu ni mmoja wa vinavyoweza kutoka. Ya kijani inatoa maisha, ya rangi ya chungwa inatoa uyoga mkubwa kupita kiasi. Na nyumba hizo unaweza kuziita mwenyewe: mwishoni mwa hatua, ukiushika mlingoti wa bendera wakati tarakimu mbili za mwisho za saa ya hatua hiyo, ile inayohesabu kushuka, zinafanana, mathalani 44 au 88, fataki zinalipuka na nyumba inatokea mwanzoni mwa dunia hiyo. Rangi yake inategemea tarakimu. Kwa hiyo mtu mvumilivu anasimama karibu na mlingoti, anaangalia saa inavyoshuka, anaruka kwa kuhesabu. Ukigusa mlingoti sekunde moja mapema umekosa, kwa hiyo anza kuruka tarakimu ikiwa bado moja au mbili juu ya ile unayoitaka.

Ukishaupata usiutumie. Mario ana nafasi moja ya akiba, ile picha iliyo kwenye kioo cha chini, na uyoga unatakiwa uingie humo. Nafasi ni moja, kwa hiyo usiokote ovyo kila kinachotoka kwenye tofali. Kuna hatari nyingine ya kijinga: kioo cha chini kinaguswa, na ukigusa ile picha uyoga unaachiliwa. Watu wenye mikono mikubwa wanaigusa kwa bahati mbaya wakiwa wanashindana na adui. Shika mashine kwa pembeni, vidole vya nyuma vikibeba uzito, magumba yasilale juu ya kioo. Na tofauti na gemu la zamani la Super Mario World, akiba haishuki yenyewe ukiumizwa. Inashuka ukiigusa wewe.

Ingia ngome ya dunia ya tano ukiwa Mario wa moto au mkubwa, uyoga wa bluu ukiwa akiba. Fika kwa Petey. Anaruka juu yako, anatafuta usawa wa kichwa chako, halafu anajitupa chini. Ukimkwepa anajigonga na kubaki chali, tumbo juu. Mpige tumboni. Yeye, kama wenzake wengi kwenye gemu hili, anamalizwa kwa mapigo matatu. Piga mawili ya kwanza ukiwa na mwili mkubwa, kwa sababu kosa moja halikuui. Baada ya pigo la pili sogea upande ulio wazi, gusa kioo cha chini, tazama juu. Uyoga unashuka kutoka juu ya skrini na unaendelea na safari zake ukishagusa sakafu, ufuate. Ukiukamata, Petey anaendelea kuruka kana kwamba hakuna kilichobadilika ila wewe sasa ni mdogo kama kidole. Usikimbizane naye. Subiri ajitupe, kwepa, na kwa kuwa unaelea unaposhuka, ruka mapema kidogo kuliko ulivyozoea, fika juu ya tumbo, bonyeza chini. Sharti ni uwe mdogo pale anapokufa. Ulikuwa nani kabla ya hapo gemu halijali.

Kwa Mummipokey kanuni ni ile ile, kasoro yeye anatokea chini, kwa hiyo usitulie sehemu moja. Angalia mchanga unaotikisika.

Ulimshinda tayari ukiwa mkubwa? Si kitu. Rudi kwenye ngome ile ile kwenye ramani, icheze tena, mmalize ukiwa mdogo, njia itafunguka. Hii ndiyo sababu hatumshauri mtu afute faili lake na kuanza upya kama baadhi ya watu wanavyofanya.

Vitu vingine vya kuokota havihitaji somo refu. Uyoga mkubwa kupita kiasi unavunja mabomba na matofali na kujaza mstari juu ya skrini. Kadiri unavyovunja ndivyo unavyolipwa maisha, mpaka matano. Gamba la bluu ndilo lenye mtego. Ukikimbia kwa kasi Mario anajifungia ndani ya gamba na kuteleza peke yake, na hapo ukingoni mwa shimo hana breki. Majini ni zuri, sehemu ya majukwaa mafupi livue kwa kuokota kitu kingine. Hatua nyingine zina njia mbili za kutokea. Mlingoti wenye bendera nyekundu ni ule wa siri, na ukiufikia ramani inafungua njia ambayo hukuiona. Na ukisikia sauti ya "ba-ba" ndani ya muziki, tazama maadui: wanasita na kucheza kidogo. Ile nusu hatua inatosha kumfanya adui awe nje ya mahali ulipopanga kumkanyaga. Wengi wanadhani wamekosea kuruka, kumbe adui kacheza.

Baada ya kumaliza kuna mambo mawili yanayohitaji vitufe vya mabegani, L na R. Kwanza, ukishikilia L na R kwa pamoja wakati unachagua faili, unacheza ukiwa Luigi, ndugu yake Mario. Pili, ukiwa kwenye ramani, simamisha gemu na bonyeza L, R, L, R, X, X, Y, Y. Inawaka hali ya changamoto: skrini inakwenda mbele tu, kamwe hairudi nyuma. Yaani ni ile sheria ya 1985, wakati ukishapita kitu umeshapita. Sarafu uliyoiacha hatua mbili nyuma imekwenda. Kwa mtu aliyezoea kurudi kuokota, dunia ya kwanza yenyewe inakuwa ngeni.

Na hapo ndipo DS ya mkono wa pili inapoumbuka, kwa kuwa L na R ndivyo vitufe vya kwanza kufa kwenye DS Lite, lile toleo jembamba la DS. Vumbi linaingia kwenye upenyo wa pembeni na kukaa kati ya kitufe na swichi yake. Huku kwetu kuna mchanga mwepesi wa fukwe na vumbi la miamba, mashine inayokaa mfukoni bila kava inakusanya vyote. Kabla hujampa fundi, geuza mashine, pulizia upepo kwenye upenyo wa kitufe kwa ile pampu ndogo ya mpira ya mafundi simu huku ukikibonyeza mara ishirini hivi. Mara nyingi kinarudi. Usipulize kwa mdomo, mate na unyevu vinaleta kutu. Kisipopona, mashine inafunguliwa: baadhi ya skrubu ni za nyota ya kawaida, nyingine zina kichwa cha miguu mitatu, na fundi akijaribu kuzifungua kwa bisibisi bapa atazila vichwa na hutaifungua tena. Muulize kama anayo hiyo bisibisi kabla hujamwachia mashine.

Ukienda kununua, iwe mtaa wa Makoroboi mjini au kwa mtu mitandaoni, anza na bawaba. DS Lite hupasuka upande wa kulia wa bawaba, na ndani yake unapita waya bapa wa kioo cha juu. Ifungue na kuifunga taratibu mara kadhaa ikiwa imewashwa. Kioo cha juu kikifumbafumba, waya unakatika. Mashine inayowaka taa ya kijani sekunde moja, inatoa mlio mdogo, kisha inazima, kwa kawaida ina huo huo ugonjwa au waya haukurudishwa vizuri na aliyeifungua kabla yako. Fungua kifuniko cha betri. Betri ya Lite inasomeka USG-003, volti 3.7, mAh 1000. Ikiwa imevimba kifuniko hakilali sawa, usiichaji. Betri nzima kwenye mwanga wa chini kabisa inakwenda saa 15 hadi 19, na kwenye mwanga wa juu saa 5 hadi 8, kwa hiyo usiku wa Bukoba unaumaliza kwa chaji moja kama hukung'ang'ania mwanga.

Chaja ndiyo imeua mashine nyingi kuliko maji. Chaja ya Marekani imeandikwa volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inakufa papo hapo, na ikiwa na bahati mbaya inaondoka na kitu ndani ya mashine. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja. Kama haikuandikwa mpaka 240, iache. Njia rahisi ni waya wa USB wenye kichwa cha DS Lite, unauchomeka kwenye chaja ya simu ya volti 5. Angalia kichwa pia: DS ya kwanza kabisa inatumia chaja ya Game Boy Advance SP, DS Lite ina ya kwake, na DSi, 3DS na 2DS zinashirikiana moja ya volti 4.6. Usilazimishe.

Mashine isipopokea chaji, taa ya chungwa haiwaki, wakati betri ni nzima, mwambie fundi apime fyuzi iliyoandikwa F1 kwenye bodi karibu na tundu la chaji. Ni kidude kidogo kama punje ya mchele iliyokatwa. Mita ikilia, fyuzi ni nzima, tatizo liko kwingine. Isipolia imeungua. Fundi mwenye haraka ataunganisha kwa risasi tu na mashine itachaji. Kosa la pili la chaja halitaunguza fyuzi tena, litaunguza bodi. Sisitiza fyuzi mpya.

Kaseti nazo zina feki, na gemu hili kwa umaarufu wake limenakiliwa sana. Halisi ina namba ya gemu kwenye lebo, NTR-A2DE-USA kwa ya Marekani au NTR-A2DP-EUR kwa ya Ulaya, na maandishi ya lebo ni makali, hayana ukungu. DS haibagui nchi kwa kaseti hizi, kwa hiyo ya Marekani inacheza kwenye mashine ya Japani. Feki mara nyingi inacheza vizuri tu, kisha inagoma kusevu, na hilo huligundui dukani kwa kuangalia picha ya mwanzo. Jaribio la dukani ni hili: anza faili jipya, cheza hatua mbili za kwanza, kusanya sarafu kubwa tano kati ya sita zilizomo, lipia kibao kwenye ramani, kubali kusevu, zima kabisa, washa. Faili likiwepo, lipa. Muuzaji akikukatalia kujaribu, umeshapata jibu. Kaseti isiyosomeka kabisa isitupwe: paka spiriti kidogo kwenye pamba ya masikio, futa meno ya shaba, acha ikauke dakika tano. Ujanja wa kupulizia kaseti kwa mdomo ulibaki na zile za njano.

Mwenye 3DS, mashine ya Nintendo iliyokuja baada ya DS, hana haja ya kutafuta DS, kaseti inaingia. Ila picha ya DS ina nukta 256 kwa 192, na 3DS inaivuta ijae kioo, kwa hiyo inakuwa kama imepakwa mafuta. Shikilia START au SELECT wakati unafungua gemu na picha inabaki kwa ukubwa wake wa asili, ndogo zaidi lakini safi. Kuna watu wamecheza miaka bila kujua hilo. Wakiwa hapo wengine huuliza kuhusu New Super Mario Bros. 2 ya 2012, ya 3DS: ni tamu, imejaa sarafu kila kona, lakini kukusanya sarafu kumekuwa kazi yenyewe na siri zimekuwa chache za kushangaza. Tungeanza na ya DS.

Mkiwa wawili na kaseti moja, msiiache ile sehemu ya Mario dhidi ya Luigi. Mwenye kaseti anaichagua kwenye menyu. Mwenzake hana kaseti, anafungua DS Download Play kwenye mashine yake, jina linatokea, anakubali. Hakuna Wi-Fi wala mnara unaohusika, mashine zinaongea zenyewe, hata katikati ya ziwa. Kuna viwanja vitano na mnagombea nyota kubwa. Kila ukimkanyaga mwenzako anaangusha nyota. Uwanja ni mduara: ukikimbia kulia sana unatokea kushoto, kwa hiyo mtu anayekukimbia, usimfuate nyuma. Geuka upande wa pili, mtakutana uso kwa uso. Aliyepakua akizima mashine anapoteza kila kitu na kupakua upya, na mwenye kaseti akifunga mfuniko muunganisho unakatika kwa wote. Mtu akitaka kwenda kununua chai kule chini melini, mashine aiache wazi juu ya kiti.